Si ukubwa wa skrini, mdogo wangu

Mdogo wangu, unauliza kama una kasoro: sinema ya mashujaa uliyolipia tiketi na bisi ilikuacha mkavu, kisha filamu ya Supa Modo, uliyoitazama nyumbani kwenye laptopu, ikakuliza. Sasa unataka kumwonyesha mama na unaogopa naye atalia.

Huna kasoro yoyote. Jiulize tu: katika ile ya kwanza, ni nani uliyemwogopea? Mji mzima ukibomoka na humjui hata mkazi wake mmoja, macho yanashiba, moyo unabaki na njaa. Supa Modo, ya mwongozaji Mkenya Likarion Wainaina, iliyotoka 2018, ni ya dakika 74 tu, lakini unakaa na Jo, mtoto wa miaka tisa mwenye ugonjwa usiopona, anayetamani kuwa shujaa. Dada yake Mwix anakiomba kijiji kizima kimsaidie aamini kwamba ana nguvu. Mimi nilipoitazama, chai ilipoa mkononi hadi ikafanya utando. Kilichonichoma ni mama yake: anataka kumfungia ndani ili amlinde, huku siku zinayoyoma. Mama gani asingefanya hivyo?

Kwa hiyo mwonyeshe. Ila mwambie mapema kuna mtoto mgonjwa, hasa kama amewahi kufiwa na mwana, usimshtukize. Chagua usiku usio na wageni, simu zikae mbali. Akilia, mwache alie, na usiharakishe kuwasha taa.