Kupiga picha Wahadzabe bila nyuso kuzama

Mkuu, umesema picha ulizowapiga Wahadzabe, wawindaji wa Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi, zimetoka na nyuso nyeusi tii na anga jeupe, na unataka kurudi huko kutoka Dar na lenzi ileile ya milimita 50. Lenzi haina tatizo. Tatizo ni upimaji wa mwanga.

Kamera hupima kila kitu ikidhani ni kijivu cha kati, asilimia 18. Mtu akisimama mbele ya anga la Ziwa Eyasi saa sita mchana, linalopimwa ni anga, uso unazama. Tumia upimaji wa nukta (spot), unaosoma sehemu ndogo tu ya picha, lenga shavu lililo upande wa mwanga, kisha punguza karibu stopu moja, yaani nusu ya mwanga. Usipopunguza, ngozi nyeusi itapauka kama imepakwa majivu, na kwangu hilo ni kosa baya kuliko giza, maana unambadilisha mtu rangi. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, uso uliozama ukiunyanyua kwenye JPEG unajaa chenga.

Jua likiwa utosini, mweke kwenye kivuli cha mbuyu akitazama uwazi, tandika shuka jeupe chini, hatua moja mbele yake, lirudishe mwanga usoni. Macho yatapata uhai. Aliyekaa anatosha kasi ya 1/125 ya sekunde, mshale unaoruka unataka 1/2000. Kwenye moto jioni zima flashi: tundu la lenzi f/1.8, wepesi wa kunasa mwanga ISO 3200, kasi 1/60, na mizani ya rangi (white balance) ibaki kwenye alama ya jua, la sivyo kamera itaufuta wekundu wa moto. Usibadilishe lenzi kwenye upepo, vumbi la ziwa lile ni la magadi.

Sasa ruhusa. Kamera ibaki kwenye begi hadi umalizane na ofisi ya kijiji na wazee wa kambi, malipo yakijulikana na wote. Wengi wanajua Kiswahili, ongea nao mwenyewe, usimwachie mwongozaji kila kitu. Aliyekubali kupigwa picha hajakubali kuwekwa Instagram. Hilo liulize peke yake. Mtoto usimhonge pipi.

Na tafadhali, usimvue mtu fulana ili aonekane "wa asili". Edward Curtis, aliyepiga picha wenyeji wa Amerika Kaskazini, aliifuta kwenye picha saa iliyokuwa katikati ya wanaume wawili wa kabila la Wapiegan hemani mwao, na picha ikadanganya. Maelezo nayo yawe sahihi: mhunzi anayefua vichwa vya mishale motoni ni Mdatoga, jirani yao, si Mhadzabe.

Ukirudi Dar, chapisha nakala za sentimita 10 kwa 15, moja kwa kila uliyempiga, uandike jina nyuma kwa penseli, uzitume kwa mtu wa Karatu anayefika kambini.