Vaa tu kilti, ila kisu kiache nyumbani
Kaka vaa bila wasiwasi. Umesema baba mkwe wako wa Aberdeen, Uskoti, kakupa kilti (lile vazi la marinda la wanaume wa Kiskoti) na unaogopa kuivaa usiku wa dina rasmi kwenye meli ya kitalii eti watu watadhani umevaa sketi, sasa hapo ondoa hofu, kwa Waskoti hilo ndo vazi la heshima kabisa, ukilivaa na koti fupi jeusi la Prince Charlie, kizibao na tai ya kipepeo linahesabika sawasawa na tuksido, ile suti nyeusi ya dina.

Cha kuangalia ni kile kisu kidogo cha kuchomeka kwenye soksi, wanakiita sgian dubh. Meli nyingi mambo ya visu hawapendi, wakikiona kwenye mashine ya kukagua mizigo wanaweza kukichukua, kwahiyo kiache au tafuta cha plastiki. Pindo liishie katikati ya goti, marinda yakae nyuma, na ile pini kubwa ya pale mbele, vipande viwili vya kitambaa vinapopandana, ichome kipande cha juu tu, ukibana vyote viwili utachana kitambaa (mi nilichana, mke wangu hajasahau mpaka leo).

Kukaa nako kuna ufundi wake, unapitisha mkono nyuma unalaza marinda ndo unakaa, halafu ule mkoba mdogo unaoning'inia mbele ya kilti unauacha uangukie katikati ya mapaja. Ila sufu ya yadi 8 ni joto balaa aisee, kama mnaenda Caribbean bora ukodi ya kitambaa chepesi. Na ukitoka kwenye deki na ule upepo, we utajua mwenyewe, bukta ndani muhimu 😂