Kontrolboksi imekufa kweli, au imekosa umeme? Maswali ya wenye malori

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Kichwa cha lori langu ni cha volti 24, injini ya silinda 6. Kililala yadi Kurasini siku mbili za mvua. Kulivyokucha stata inazungusha vizuri lakini injini haiwaki. Fundi kachomeka mashine ya kupimia, ikaandika hakuna mawasiliano na injini. Anasema kontrolboksi imekufa, nitafute milioni 9. Bei hiyo ni ya haki? Na nitajuaje kama imekufa kweli?
Mwenye lori, Tabata

JIBU: Pole sana ndugu yetu. Pesa hiyo usiitoe bado.

Mashine ikiandika hakuna mawasiliano, imekwambia jambo moja tu: imeuliza na haikujibiwa. Kompyuta ya injini (ndiyo hiyo kontrolboksi) iliyokosa umeme haijibu. Iliyokosa ethi, yaani njia ya hasi ya umeme, haijibu. Iliyokatika nyaya za mawasiliano haijibu, na iliyokufa nayo haijibu. Kwa gari lililonyeshewa siku mbili, sisi tungezimaliza hizo tatu za mwanzo kabla ya kuitaja ya nne, maana maji huingia kwenye plagi muda mrefu kabla ya kuingia ndani ya boksi lenyewe.

Anza na betri. Zikiwa zimetulia, mbili kwa pamoja zisome volti 25.2 au zaidi. Kisha pima moja moja. Zikiachana kwa zaidi ya nusu volti, ile ya chini ina tatizo. Mwambie utingo apige stata huku unaangalia mita. Ikishuka chini ya volti 18 hivi, kompyuta inaweza kujizima wakati stata bado inazungusha, na mtu akadhani ni bovu.

Betri zikiwa nzima, chomoa plagi ya kompyuta na uikague kwa tochi. Rangi ya kijani kwenye pini ni kutu ya shaba, na hapa mjini hewa ya bahari inaiharakisha. Isafishe kwa dawa ya kusafishia kontakti na brashi laini. Usichokonoe matundu ya plagi kwa msumari au ncha nene ya mita: tundu likitanuka, pini haishiki tena, na hapo umejitengenezea tatizo la pili.

Hatua inayofuata ndiyo mafundi wengi wanairuka. Kwenye plagi hiyo kuna nyaya kadhaa za umeme wa moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi, na mmoja unaopata umeme ufunguo ukifunguliwa. Ukizipima kwa mita peke yake, waya ulioliwa na kutu ukabaki na nyuzi mbili bado utasoma volti 24, kwa sababu mita haivuti umeme. Tumia balbu ya breki ya lori, ile ya volti 24 na wati 21. Iunganishe kati ya waya wa umeme na waya wa ethi wa plagi hiyo hiyo. Ikiwaka kwa nguvu zote, njia zote mbili ni nzima. Ikiwaka hafifu, hamishia upande wake mmoja moja kwa moja kwenye betri, kisha upande wa pili, na utajua kama anayeumwa ni chanya au hasi. Wala usisahau waya mnene wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chesi. Weka mita kati ya mwili wa injini na hasi ya betri, piga stata. Ikizidi nusu volti, waya huo ufunguliwe, ukwanguliwe na ukazwe upya.

Nyaya za mawasiliano ni mbili zilizosokotwa pamoja. Toa taminali za betri, pima ukinzani kati ya hizo mbili. Omu 60 ni sawa, kwa sababu kila mwisho wa mtandao una kizuizi cha omu 120. Ukisoma 120, upande mmoja umekatika. Ukisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana mahali. Kwenye malori ya Ulaya soketi ya kupimia wakati mwingine iko kwenye mtandao mwingine kabisa, kwa hiyo pima karibu na injini.

Limebaki jaribio moja. Rudisha plagi na betri, fungua ufunguo, pima umeme unaopewa sensa, yaani vifaa vinavyoipimia kompyuta hali ya injini: uwe volti 5, kasoro au zaidi kidogo. Ukikosekana, chomoa sensa moja moja. Volti 5 zikirudi ghafla baada ya kuchomoa moja, mharibifu ni sensa hiyo au waya wake uliochubuka, na kompyuta yako ni nzima.

Yote hayo yakiwa safi na boksi bado kimya, sasa ndiyo lipelekwe mezani kupimwa nje ya gari. Na kama mashine ingefanikiwa kuongea nalo ikatoa namba ya hitilafu SPN 629 (SPN hutaja kifaa) yenye FMI 12 (FMI hutaja aina ya hitilafu), hapo kompyuta yenyewe ingekuwa inakiri kuwa ina hitilafu ya ndani.

Kuhusu bei: Ulaya na Marekani, boksi jipya la injini ya lori kubwa mara nyingi ni kati ya dola 1,500 na 4,000, kabla ya usafiri na kodi. Kwa hiyo milioni 9 si ajabu kwa boksi jipya. Kwa used ni nyingi mno. Muulize fundi milioni hizo zimebeba nini. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, boksi ni 7,000,000. VAT ya asilimia 18 ni 1,260,000. Kuliprogramu 600,000, kurekebisha nyaya 250,000. Hapo ni 9,110,000. Gari likisimama siku 6 na kila siku unapoteza 400,000, ongeza 2,400,000, umefika 11,510,000. Usipouliza mapema, programu na nyaya utaletewa kama bili mpya boksi likishafika.

SWALI: Mimi ni karani wa usafirishaji. Bosi kanunua kontrolboksi used Gerezani, namba ya kwenye stika inafanana tarakimu zote na ya zamani. Tumefunga, injini haiwaki, na dashibodi inaonesha alama ya ufunguo. Muuzaji anasema boksi zima, fundi anasema bovu. Nani mkweli?
Vingunguti

JIBU: Dada, yawezekana muuzaji ni mkweli na boksi bado halikufai lilivyo. Namba ya stika inaelezea chuma na bodi. Ndani mna data za gari lilikotoka: namba ya chesi, nguvu ya injini, kikomo cha mwendo, na kwenye magari mengi siri ya ufunguo. Boksi hilo linangoja ufunguo wa gari lingine.

Njia iliyo salama ni kuhamisha data kutoka boksi la zamani kwenda hili. Hata bodi ikiwa imeungua sehemu ya kuwashia nozeli (zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda), kumbukumbu yake mara nyingi husomeka. Ndiyo maana tunasisitiza: boksi la zamani msilitupe, wala msilitoe kama sehemu ya malipo kabla data hazijasomwa. Likiwa halisomeki, itabidi kuprogramu kwa programu ya mtengenezaji: SDP3 kwa Scania, Premium Tech Tool kwa Volvo, XENTRY kwa Mercedes-Benz, INSITE kwa Cummins. Kwenye injini nyingi za komonireli, ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la dizeli yenye presha kubwa, kila nozeli ina namba yake ya utambulisho iliyoandikwa juu yake, na lazima iingizwe kwa silinda yake. Zikichanganywa, injini itawaka lakini itatetema ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), na moshi utaongezeka.

Kabla ya kuliwasha tena, pimeni nozeli zote. Ukinzani wake kwa kawaida hauzidi omu chache, na kikubwa ni zilingane. Kisha hakikisheni hakuna inayogusa mwili wa injini kiumeme. Nozeli iliyoshoti ikiwa ndiyo iliyoua boksi la kwanza, itaua na la pili.

Mkiamua kutengeneza bodi badala ya kununua, transista, kapasita na sehemu ya kurekebisha volti hubadilishwa. Prosesa, yaani ubongo wa boksi, ikifa, kuendelea kulipa fundi bodi ni hasara. Muombeni awaoneshe kilichotolewa, na alipime boksi mezani likiwa na mzigo kabla hamjalipa. Risiti ya EFD iandikwe namba ya boksi, used au jipya, na siku za garantii. Wauzaji wengi hawarudishi kifaa cha umeme kikishachomekwa, kwa hiyo makubaliano hayo yafanyike kabla.

SWALI: Tunachomelea chesi na tela mara kwa mara. Kuzima meni swichi kunatosha kulinda kompyuta?
Ubungo

JIBU: Hakutoshi, kwa sababu baadhi ya vifaa hupata umeme bila kupitia swichi hiyo, na waya wa ethi unabaki umeunganishwa. Zima injini, na kama gari linatumia AdBlue (maji ya kusafishia moshi) subiri dakika kadhaa pampu yake imalize kurudisha maji kwenye tangi. Toa taminali zote mbili za betri, ukianza na hasi. Chomoa plagi za kompyuta ya injini, ya giaboksi na ya breki. Kibanio cha ethi cha mashine ya kuchomelea kiwekwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, karibu kabisa na mahali panapochomelewa. Kisiwekwe upande wa pili wa beringi au springi, maana mkondo utapita humo. Tela litenganishwe na kichwa, pamoja na kebo zake za umeme. Ukimaliza, rudisha plagi zote kwanza, betri mwisho.