Mbona wafadhili hawafiki shule yetu?

SWALI: Kaka mhariri habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku Mbagala, watoto wetu wanasoma kwa zamu, wengine asubuhi wengine mchana na bado wapo wanaokaa chini, sasa kinachoniuma kila mara naona kwenye taarifa ya habari benki imepeleka madawati, kampuni ya simu imepeleka kompyuta, na ni shule zilezile za katikati ya mji ambazo zina nafuu kuliko sisi. Barua tumeandika, kimya. Hivi hawa wafadhili wanaangalia nini, au mpaka umjue mtu? – Mama Shamsa, Mbagala

JIBU: Mama Shamsa, kumjua mtu kunasaidia, nisikudanganye. Anayegawa hela za kampuni ofisi yake iko Posta, inayomjia kichwani ni shule anayoipita kila siku au ile aliyosoma yeye na bosi wake. Angalia sekondari za Azania au Jangwani hapo mjini, waliosoma pale zamani leo wengine ni mameneja, wana magrupu ya WhatsApp, wakiamua wanachangishana. Shule nyingi za pembezoni zimejengwa juzi tu, watoto kibao ila waliomaliza bado wanajitafuta.

Halafu kuna picha. Dawati unalibandika nembo, unakata utepe, unatokea gazetini. 2016 ile kampeni ya madawati ilivyopamba moto Bunge lenyewe lilitoa shilingi bilioni 6 ilizobana kwenye matumizi yake, kampuni nazo zikafuata, na kweli ilisaidia, lakini lini umeona mgeni rasmi anazindua gari la kunyonya choo cha shule? Na choo ndo kinachofanya binti akae nyumbani.

Wengine hawatoi kwa sababu wanaamini serikali inalipa kila kitu tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016. Waambieni hesabu. Ruzuku iliyopangwa kwa mtoto wa msingi ni 10,000 kwa mwaka, 4,000 inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, shuleni inafika 6,000, yani 500 kwa mwezi, hiyo hata soda hupati. Halafu Januari 2018 Rais Magufuli akakataza walimu kushika michango, anayetaka kuchangia kwa hiari apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, tangu hapo kuna wakuu wa shule ukiwatajia neno mchango tu wanaangalia mlango. Kilichokatazwa ni kumlazimisha mzazi na kumrudisha mtoto nyumbani, sio hiari.

Sasa hiyo barua yenu, bila shaka imeandikwa "tunaomba msaada wa hali na mali". Meneja haelewi atoe nini. Ombeni kitu kimoja, matundu manne ya choo mfano, makadirio ya fundi yawepo, idadi ya watoto, picha, ipite kwa mkurugenzi. Na muitaje Mamlaka ya Elimu Tanzania, maana anayechangia Mfuko wa Elimu anaweza kupewa hati inayomsaidia kwenye kodi. Mtu wa fedha hapo ndo atasoma barua mpaka chini. Matumizi ya mchango wowote, hata wa mifuko miwili ya saruji, bandikeni ukutani, anayeona hela imefanya kazi anarudi.

SWALI: Niko Muscat nafanya kazi, nataka kununulia madaftari shule niliyosoma Temeke. Mwalimu mmoja kanipa namba yake ya simu nimtumie, ni sawa? – Msomaji, Oman

JIBU: Hapana ndugu yangu, hata kama mwalimu ni mwaminifu kiasi gani, kesho atashindwa kujieleza. Muombe mwalimu mkuu akuelekeze akaunti ya shule, udai stakabadhi, au mtume ndugu yako anunue madaftari Kariakoo akayakabidhi mbele ya kamati.