Maswali yenu kuhusu pembea za zamani za Marekani

Wiki hii maswali yamekuwa mengi, nimechukua yale yanayojirudia.

Kwani rola kosta zina shida gani mpaka uhangaike na hizi pembea kuukuu za kuzunguka? Msomaji, Dodoma

Hazina shida, na mimi napanda. Ila rola kosta reli ni ileile na kona ni zilezile, aliyepanda jana na anayepanda leo wanapata kitu kimoja. Sasa njoo kwenye Tilt-A-Whirl. Ile ni sakafu ya duara inayozunguka juu ya njia yenye vilima, na juu yake kuna viti saba vikubwa vyenye mgongo wa mviringo, kiti chenyewe hakina mota, kimeshikiliwa na ekseli tu na kinajizungukia kutegemea sakafu imeinukia wapi, nyie mlokaa mna uzito gani na mmeegemea upande upi. Baba na mtoto wake wanapata mzunguko tofauti kabisa na akina dada watatu walobanana, alafu wakirudia walewale raundi ya pili haifanani na ya kwanza. Mwaka 1994 Kautz na Huggard waliandika kwenye jarida la fizikia la American Journal of Physics kuhusu hiki kitu na wakaonyesha mwendo wa kile kiti hautabiriki, tofauti ndogo mno pale mwanzo inakuja kuwa kubwa baada ya muda mfupi tu. Na Herbert Sellner alikitoa kule Faribault, Minnesota, mwaka 1926, kwa mbao na chuma, bila kompyuta!

Alafu kuna yule anayeendesha. Uingereza wana Waltzer, ndugu yake Tilt-A-Whirl, kule vijana wanasimama juu ya mbao zenyewe zinazopanda na kushuka, wanatembea katikati ya viti mashine ikiwa imechanganya, wakiona kiti kinapiga kelele sana wanakishika mgongoni na kukizungusha kwa mkono. Kelele zako ndo zinaamua utazungushwa kiasi gani, sijui rola kosta ipi itakupa hiyo.

Shikamoo dada. Hivi hizi mashine walibuni mainjinia wakubwa au mafundi tu? Mwanafunzi wa VETA, Tanga

Marahaba mdogo wangu. Wengi walikuwa mafundi, tena waliotokea kwenye kazi zingine kabisa. W. E. Sullivan alikuwa mjenga madaraja, gurudumu kubwa la Ferris kule Chicago mwaka 1893 likamkaa kichwani mpaka mwaka 1900 akatoa la kwake, dogo, la kufungua na kuhamisha mji hadi mji, ndo maana kampuni yake mpaka leo inaitwa Eli Bridge, na hao hao ndo wenye pembea ya kuzunguka iitwayo Scrambler. William Mangels, mhamiaji kutoka Ujerumani, karakana yake ilikuwa Coney Island, mwaka 1914 akaleta The Whip: vigari vinavutwa na waya kwenye sakafu ya mbao, kwenye kunyooka unatembea taratibu mpaka unaanza kuzoea, ukifika mwisho pale kwenye kona mkono wenye springi unakurusha nje mara moja na wote mnaangukiana upande mmoja.

Ninayempenda zaidi ni Lee Eyerly wa Salem, Oregon. Huyu alikuwa mtu wa ndege, akatengeneza mashine ya bei nafuu ya kufundishia marubani bila kuruka, ila waliokuja kuing'ang'ania ni watu wa maonyesho, basi akahamia huko na zikatoka Loop-O-Plane, Octopus na Rock-O-Plane. Ukiingia kwenye kizimba cha Rock-O-Plane unakuta usukani mbele yako, ukiukaza kizimba kinaacha kubembea na kinapinduka pamoja na gurudumu zima hadi unakuwa kichwa chini miguu juu, ukiulegeza kinarudi kujiweka sawa. Abiria ndo rubani. Kwa hiyo wewe uliyeko VETA usijidharau hata kidogo.

Mume wangu anabisha eti kwenye Rotor ukutani kuna sumaku. Naomba umjibu. Mama wawili, Mwanza

Mwambie shemeji hakuna sumaku, sumaku ingeshika nini mwilini? Rotor ni pipa kubwa, mnasimama ndani yake mkiegemea ukuta. Lile pipa likizunguka mwili wako unataka kwenda moja kwa moja, ukuta unakuzuia, kwahiyo unabanwa kwenye ukuta kwa nguvu sana, na msuguano kati ya nguo zako na ukuta unatosha kukubeba hata sakafu ikishushwa. Mwenye kitambaa cha kuteleza utamuona anashuka polepole. Ni kazi ya Mjerumani Ernst Hoffmeister, watu wa Munich waliiona mwaka 1949.

Ile yenye turubai la kijani linalowafunika watu bado ipo? Msomaji, Nairobi

Caterpillar hiyo, ya Hyla Maynes, mwaka 1925. Vigari vinazunguka vikipanda na kushuka, katikati ya safari turubai linajikunja juu yenu wote na mnabaki gizani, wapenzi waliipangia foleni kwa sababu hiyo hiyo na hakuna aliyeona ajabu. Zimebaki chache mno, na nyingi kati ya hizo turubai lilishatolewa. Canobie Lake Park kule Salem, New Hampshire, wameitunza na turubai lake, wanastahili pongezi.

Hivi vyuma vya miaka hiyo ni salama kweli? Msomaji, Columbus, Ohio

Swali la haki, na jibu lina mazuri na mabaya. Zipper, pembea ya vizimba vinavyopinduka hewani, ilitoka mwaka 1968 kwenye kiwanda cha Chance, Wichita, Kansas, na mwaka 1977 tume ya serikali ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilitangazia watu wasiipande kwa sababu milango ya vizimba ilifunguka mashine ikiwa juu na watu wakafa. Baadae ikawekewa ufungaji mwingine wa milango na mpaka leo inazunguka. Mashine ya zamani ikikaguliwa na kubadilishwa pini na bearing kwa wakati inadumu. Mimi kabla ya kupanda nasimama pembeni raundi nzima namuangalia mwendeshaji: anavuta kila mlango kwa mkono wake au anaangalia kwa macho tu? Akiangalia kwa macho tu sipandi, na wewe usipande.

Kama ni nzuri hivyo mbona zinaondolewa? Msomaji, Pittsburgh

Wewe wa Pittsburgh una machungu yako nayajua. Mwisho wa mwaka 2020 Kennywood, bustani ya pembea ya huko kwenu, walitangaza kustaafisha pembea nne kwa mpigo: Paratrooper, Bayern Kurve, Volcano na Kangaroo. Sababu za kawaida ni vipuri, kiwanda kilishafungwa au hakitengenezi tena aina hiyo kwahiyo kila kifaa inabidi kichongwe upya, alafu kuna bima, na eneo lenyewe linatakiwa kwa kitu kipya cha kuwekwa kwenye tangazo.

Ila Kangaroo ilikuwa pale tangu mwaka 1962. Vigari vimeshikwa kwenye mikono mirefu, vinazunguka, vinapanda mteremko mmoja, mteremko unakatika ghafla na kigari kinabaki hewani kabla ya kushuka, basi, hamna kingine, na kwa hicho kimoja watu wa mji mzima walilia, wakaandika, wakapiga simu. Mwaka 2022 Kangaroo ikarudi, imekarabatiwa. Kwahiyo msiniambie kelele hazisaidii. Zile tatu hazikurudi na inaniuma, ila ukiwa pale Kennywood panda Turtle, ya mwaka 1927, vile vigari vya duara vinavyofukuzana juu ya vilima vitatu, foleni yake ikiwa ndefu wenye mali wanaona.

Na kwetu je? Msomaji, Unguja

Kwetu pembea ni za sikukuu: Mnazi Mmoja hapo kwenu, na Mombasa viwanja vya Makadara, watoto na nguo zao mpya za Idi. Anayetaka kujua mafundi wa Marekani walianzaje aende akawatazame wanaozifunga.

Kiangazi niko Pennsylvania siku moja tu, niende wapi? Msomaji, Muscat

Nenda Knoebels, Elysburg. Kuingia bure, unalipia unachopanda, na wana farasi wa kuzunguka wa mwaka 1913 ambapo ukikaa farasi wa nje unanyoosha mkono kuchomoa pete, ukibahatisha ya shaba unapanda tena bure. Ila anzia Flyer. Umening'inia kwenye kigari chenye bawa mbele yako na unaligeuza mwenyewe: lipeleke nje hadi upande juu kabisa, alafu lirudishe ndani kwa nguvu ghafla, ukisikia waya imelegea na kukaza kwa kishindo juu ya kichwa ujue umepatia. Raundi ya kwanza hutaweza, kwahiyo nunua tiketi za kutosha kabisa.