Nimeambiwa mimi ni fitna: je, niache kuuza vitumbua?

SWALI: Assalamu alaykum Shekhe. Mimi ni mjane, nipo Tanga, eda nimemaliza. Nina watoto watatu, nauza chai na vitumbua barazani kwangu kuanzia alfajiri, na ninajisitiri. Mhadhiri mmoja alisema kwenye darsa kwamba mwanamke ni fitna, na fitna ni mbaya zaidi kuliko kuua. Kesho yake jirani akanijia: niache kuuza saa zile, maana wanaume wakitoka msikitini wanapita kwangu, nami ndiye kishawishi chao. Usingizi umenipaa. Je, biashara yangu ni haramu?

JIBU: Waalaykumu salaam dada yangu, Allah amrehemu marehemu. Biashara yako ni halali. Washa jiko lako.

Mimi kilichonikera ni hesabu ya huyo mhadhiri. Kachukua hadithi huku, kachukua aya kule, kaziunga kwa neno moja, ikatoka kwamba mjane mwenye chuma cha vitumbua ni mbaya kuliko muuaji. Subhanallah!

Neno lenyewe asili yake ni kwa sonara. Waarabu walisema wamei-"fatana" dhahabu wakiitia motoni iyeyuke, ijulikane safi ni ipi na takataka ni ipi. Kwa hiyo fitna kwanza ni mtihani. Sisi Waswahili tulipolipokea tukalipeleka kwenye umbea: fulani mfitini, kawafitinisha ndugu. Ndiyo maana mtu akisikia aya ile anamfikiria mpeleka maneno wa mtaani kwao. Umbea una hadithi yake nzito, kwamba mwenye kuchongea watu haingii Peponi. Hauhitaji kuazima aya isiyokuwa yake.

Aya zenyewe zipo Suratul Baqara, ya 191 na ya 217. Hiyo ya pili ilishuka baada ya kikosi cha Waislamu chini ya Abdullah bin Jahsh kumuua mtu wa Makka ndani ya Rajab, mwezi ulioharamishwa vita, Maquraishi wakapiga kelele. Wakajibiwa: mnayoyafanya nyinyi, kuwazuia watu na njia ya Allah na kuwafukuza kwenye Msikiti Mtakatifu, ni makubwa zaidi, na fitna ni kubwa kuliko kuua. Fitna hapo ni kumtesa Muislamu mpaka aiache dini yake. Ni jiwe juu ya kifua cha Bilal katika mchanga wa moto. Mwanamke anayechuja chai anaingilia wapi hapo?

Tuje kwenye hadithi. Mtume (s.a.w.) amesema hakuacha baada yake fitna yenye madhara zaidi kwa wanaume kuliko wanawake. Ni sahihi, ipo kwa Bukhari na Muslim, wala siipunguzi. Lakini Qur'ani inasema pia kwamba mali zenu na watoto wenu ni fitna (Taghabun, 15), na bado sijamuona mhadhiri anayerudisha bahasha akishamaliza mhadhara. Anayetahiniwa katika hadithi ile ni mwanamume. Mwanafunzi akifeli, karatasi haichapwi viboko.

Tazama Mtume (s.a.w.) mwenyewe alivyofanya. Katika Hija ya kuaga, Al-Fadhl bin Abbas, kijana mzuri wa sura, amepanda nyuma yake juu ya ngamia. Akaja mwanamke wa kabila la Khath'am kuuliza: baba yake mzee, hawezi kukaa juu ya mnyama, je amhijie? Fadhl akawa anamkodolea macho, na yule mwanamke naye anamtazama. Mtume (s.a.w.) akaushika uso wa Fadhl akaugeuzia upande wa pili, na mama yule akajibiwa swali lake: ndiyo, mhijie. Hakufukuzwa.

Yupo pia aliyelifanya neno hili kisingizio. Wakati wa safari ya Tabuk, ya kupigana na Warumi, mwaka wa 9 Hijria, wafasiri wanasimulia kwamba Jadd bin Qays aliomba abaki nyumbani, akidai akiwaona wanawake wa Kirumi hatajizuia. "Niruhusu, wala usinitie fitnani." Qur'ani ikamjibu kuwa fitnani wamekwisha kuanguka (Tawba, 49). Huyo ni babu wa kila anayesema "shetani alinipitia". Na shetani mwenyewe Siku ya Kiyama atawaruka: mimi niliwaita tu, mkaniitikia, basi msinilaumu, jilaumuni wenyewe (Ibrahim, 22).

Sasa wewe, dada yangu. Dada wa mama yake Jabir, sahaba wa Mtume (s.a.w.), aliachwa, akiwa bado edani akatoka kuvuna tende zake, mwanamume mmoja akamkaripia. Akaenda kwa Mtume (s.a.w.), naye akamwambia: vuna tende zako, huenda ukatoa sadaka au ukafanya jambo jema. Hiyo ipo kwa Muslim. Wewe eda umeshatoka, una vinywa vitatu vya kulisha.

Stara yako iendelee, na usikae faragha na mteja. Mwanamume ambaye chai imemwishia na bado ameganda kwenye benchi lako, mwambie watoto wanataka kukaa. Asipoelewa, imamu wa msikiti huo apelekewe habari, naye akamgeuze uso. Jirani usimnunie. Pengine ana hofu ya nyumbani kwake ambayo hawezi kuisema, akaitafutia aya.

Jambo moja hukuligusa kwenye swali lako, nami linanisumbua kuliko vitumbua. Mirathi ya marehemu imeshagawanywa? Kwa kuwa ameacha watoto, wewe una thumni, sehemu moja ya nane, baada ya madeni na wasia, na watoto wana mafungu yao. Hao wanaokuambia utoke barazani, yupo hata mmoja aliyekuuliza thumni yako iko kwa nani? Kama hakuna msimamizi aliyeteuliwa, nenda Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo na cha ndoa, ufuatane na ndugu unayemuamini. Kisha niandikie, unieleze wamekujibu nini.

Wallahu a'lam.