Maswali ya Wasomaji: CNC ya mezani, mpingo na simu ya kurekodia

SWALI: Wahariri, habari za kazi? Nina CNC ndogo (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta), modeli ya 3018, yenye mota ya aina ya 775. Mbao laini inachonga vizuri, lakini nikiweka mpingo biti inapiga kelele, kingo zinaungua na mistari inatoka na mawimbi. Nataka kufunga mota ya wati 300. Itanisaidia?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Salama, ndugu yetu. Hiyo mota iache kwanza. Mawimbi kwenye mchongo mara nyingi ni dalili ya fremu inayoyumba, na fremu inayoyumba ukiifungia mota kubwa unaiongezea uzito na mtikisiko. Jipime hivi: washa mashine bila kuzungusha biti, shika mota kwa mkono, isukume na kuivuta taratibu. Ukisikia inacheza, kazi yako inaanzia hapo.

Ifunge mashine kwa bolti juu ya kitu kizito, mfano vipande viwili vya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 18 vilivyogundishwa pamoja. Kaza bolti zote za fremu, halafu hakiki pembe: chora kwa penseli iliyofungwa badala ya biti mstatili wa milimita 200 kwa 150, upime mishazari yake. Yote miwili lazima iwe 250. Mmoja ukizidi mwingine, fremu imekaa upande. Legeza, nyoosha, kaza tena.

Baada ya hapo tazama rodi, vile vyuma vya mviringo ambavyo kibebeo cha mota hutelezea. Zile za milimita 10 ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Ugumu wa rodi dhidi ya kupinda hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, kwa hiyo rodi ya milimita 12 ni ngumu maradufu ya ile ya 10. Ukibadilisha, beringi nazo zitoke LM10UU ziwe LM12UU, na matundu ya vibao vya pembeni yapanuliwe kwa uangalifu, maana tundu likienda kombo rodi mbili hazitalingana na kibebeo kitakwama katikati ya njia. Nati za skrubu weka zile za springi, zinazoondoa uwazi skrubu inapogeuza mwelekeo.

Sasa kuungua. Watu wengi wakiona mpingo ni mgumu hupunguza mwendo, na hapo ndipo wanapouchoma. Biti isipokata inasugua, na kusugua ni joto. Hesabu ni hii: mizunguko kwa dakika, mara idadi ya meno, mara unene wa kinachokatwa na kila jino. Mizunguko 10,000, meno 2, unene wa milimita 0.02, unapata mwendo wa milimita 400 kwa dakika. Ukishusha hadi 100, kila jino linabakiwa na milimita 0.005 tu, linateleza badala ya kuuma. Acha mwendo juu, punguza kina: milimita 0.3 kwa kila mpito inatosha kwa biti ya milimita 3.175. Angalia kinachotoka. Vipande vidogo vyenye umbo ni dalili njema. Unga laini kama masizi maana yake biti imeisha makali au mwendo ni mdogo. Vaa barakoa nzuri na miwani, kwa sababu vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua.

Yote hayo yakikaa sawa na bado unataka wati 300, funga, lakini jua unachofunga. Mota hizo nyingi zina kipenyo cha milimita 52 na kishikio chako ni cha 45, hivyo kishikio kinabadilika. Kwa volti 48 itakula zaidi ya ampia 6, mzigo ambao bodi ya mashine haikutengenezwa kuubeba. Inahitaji pawa saplai na kidhibiti chake. Na kwa kuwa ni nzito kuliko 775 kwa mbali, punguza mwendo na mchapuko wa mhimili wa Z (wa kupanda na kushuka) kwenye GRBL, programu iliyo ndani ya bodi ya mashine, yaani mipangilio $112 na $122, la sivyo Z itaruka hatua na mchongo utashuka kina bila wewe kujua.

SWALI: Narekodi mashine ikichonga ili niwaonyeshe wateja. Video zinatoka na mistari ya giza inayopanda na kushuka, picha inatetemeka, na mpingo wangu mweusi unaonekana wa kijivu. Simu ni nzuri, tatizo nini?
Msomaji, Newala

JIBU: Mistari inatokana na taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za bei ndogo humeta mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Fungua kamera kwenye modi ya kitaalamu, weka shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) 1/50 au 1/100 ya sekunde, na kama simu inaruhusu, fremu 25 kwa sekunde. Mistari itakwisha.

Ukitaka biti ionekane kama imesimama, mambo yanageuka. Kwa mizunguko 10,000, ndani ya 1/50 ya sekunde biti inazunguka zaidi ya mara tatu, hivyo lazima iwe ukungu. Kwa shata ya 1/4000 inageuka nyuzi 15 tu na meno yake utayaona. Lakini hapo taa ya ukutani haifai kabisa: sogeza mashine karibu na dirisha au mlango wenye jua, au tumia mkanda wa LED wa volti 12 unaowashwa moja kwa moja na betri.

Kutetemeka ni kwa sababu stendi imekaa meza moja na mashine. Simamisha stendi sakafuni. Usiifunge simu kwenye fremu, hata kama picha ya karibu inavutia: mtikisiko wa muda mrefu unaweza kuharibu kitulizo cha lenzi. Funga fokasi na mwanga kabla ya kuanza, vinginevyo kila kipande kinachoruka kitaifanya kamera ihangaike upya.

Kuhusu weusi, kamera ikiona kitu cheusi tupu hudhani pana giza, inaongeza mwanga. Shusha mwanga hatua moja, yaani -1. Kisha weka taa moja pembeni, chini, karibu usawa wa ubao. Mwanga wa kulala hutengeneza kivuli ndani ya kila mfereji, na hapo ndipo mteja anaona kazi ya mkono wako. Taa ya juu kwa juu hulaza mchongo wote.

Kazi ya saa 3 usirekodi yote. Piga picha moja kila sekunde 5. Utapata 2,160, ambazo kwa fremu 25 ni video ya sekunde 86.

SWALI: Nikiwasha kifyonza vumbi, mashine inakata mawasiliano na kompyuta katikati ya kazi. Programu nimeshaweka upya, haijasaidia.
Msomaji, Masasi

JIBU: Si programu. Vumbi likipita kwenye bomba la plastiki linazalisha umeme tuli. Zungushia bomba waya wa shaba usio na ganda, uupeleke kwenye ethi halisi. Mota ya 775 nayo hurusha kelele za umeme: chomelea kapasita za seramiki zenye alama 104, moja kati ya nguzo mbili, na moja kutoka kila nguzo hadi ganda la mota. Kebo ya USB iwe fupi, isizidi mita 1.5, na isilale pamoja na waya za mota.

SWALI: Umeme ukikatika, kazi yote inaharibika. Nifanyeje? Pia rodi zinaota kutu.
Msomaji, Lindi mjini

JIBU: Funga swichi tatu za mwisho wa njia, X, Y na Z, kisha weka $22=1 kwenye GRBL, ili mashine iweze kujitafutia nyumbani, yaani pale penye swichi. GRBL huhifadhi sifuri ya kazi ya G54, yaani pale unapoanzia kupima mchongo, hata umeme ukizimika. Ukirudi, irudishe mashine nyumbani kwa $H, ipandishe Z, washa mota, uendelee kutoka mistari michache kabla ya pale ilipokatikia. Bila swichi hizo, mashine haijui iko wapi, na hakuna ujanja mwingine wa uhakika.

Kutu ni chumvi ya bahari. Kila jioni futa rodi kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, kidogo tu. Grisi usipake, inashika vumbi la mbao na kula beringi.